Lini Mtu Akubali Kupasuliwa Mgongo?

Tangu tuliporudi kutoka hospitali mwaka uliopita, hapana juma lipitalo pasipo mtu kuja kutuuliza habari za mgongo. Wengine huja jioni baada ya kazi za shamba, mkono mmoja kiunoni. Wengine hutusimamisha njiani tutokapo kanisani. Wote wana neno moja: "Mwalimu, tulikuona ukitembea kwa fimbo kama mzee wa miaka themanini, na sasa wapanda kilima bila fimbo. Tuonyeshe huyo daktari, atupasue na sisi." Twafurahi kuulizwa, maana mtu aulizaye hajakata tamaa. Lakini furaha yetu ina mashaka ndani yake, kwa kuwa twaona kwamba kupona kwetu kumeanza kusema uongo kijijini. Watu wamemwona mtu aliyeumwa mgongo, akapasuliwa, akapona. Wakajumlisha kwamba kisu ndicho dawa ya mgongo. Sivyo ilivyokuwa. Sisi hatukupasuliwa kwa ajili ya mgongo; tulipasuliwa kwa ajili ya mguu. Mgongo wetu ungali unauma hata leo, na asubuhi tuinamapo kufunga kamba za viatu, twajua sana kwamba upo.

Kwa hiyo tumeona yatupasa kuyaandika mambo haya, kadiri tulivyofundishwa na madaktari na kadiri tulivyoyaona katika mwili wetu wenyewe, ili mwenye maumivu ajue la kuuliza kabla hajauza ng'ombe.

Uti wa mgongo wa mtu si kama mti mmoja ulionyooka, bali ni pingili nyingi zilizopandana kama pingili za muwa. Sehemu ya kiuno ina pingili tano, nazo ni nene kuliko zote, kwa sababu huchukua uzito wa mwili ulio juu yake. Baina ya pingili na pingili pana kitu ambacho madaktari hukiita diski. Atakaye kukifahamu na aitazame ngata ambayo mwanamke huiweka kichwani chini ya ndoo ya maji: kazi yake ni ile ile, kupokea uzito na kuulainisha. Ukingo wake ni mgumu, kana kwamba umesukwa kwa kamba; kati yake ni laini kama nyama ya dafu. Mtu aendeleapo kuwa mzee, ngata hii hukauka na kupungua unene, kama vile ngozi ya uso inavyokunjamana. Na jambo hili si ugonjwa, ni umri. Lakini mara nyingine ukingo hupasuka, ile nyama laini ikatoka, ikaugandamiza mzizi wa mshipa wa fahamu uendao mguuni. Hapo ndipo penye habari yetu.

Tena liko neno jingine ambalo tungependa kila mtu kijijini alijue. Ule ugwe mkuu wa fahamu utokao katika ubongo, ambao ukikatwa mtu hulemaa, haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki fungu la mishipa iteremkayo pamoja, ambayo wataalamu wa kale waliiita mkia wa farasi kwa jinsi inavyofanana nao. Na diski zitokazo mara nyingi ni zile mbili za chini kabisa, yaani mahali ambapo ugwe wenyewe haupo. Basi wale wasemao kwamba kila mtu aliyeguswa mgongo kwa kisu atatambaa, hawasemi kweli. Ijapokuwa mishipa ile nayo yaweza kudhurika, wala hapana daktari mwaminifu atakayesema kwamba hatari haipo.

Maumivu ya kiuno na mguu ni ya tangu kale, lakini kazi ya diski katika jambo hili ilithibitishwa wazi mwaka 1934 tu, wakati madaktari wawili wa Boston huko Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walipoandika kwamba diski iliyopasuka yaweza kuugandamiza mzizi wa mshipa, na kwamba ikiondolewa mgonjwa hupata nafuu. Tangu hapo kisu kilipendwa, pengine kupita kiasi.

Sisi tulianza kuumwa kiuno miaka saba iliyopita, siku za kubeba mawe ya kujengea darasa. Yalikuwa maumivu ya kuja na kwenda. Yalikaa kiunoni, yakaongezeka tulipokaa sana kusahihisha madaftari, yakapungua tulipotembea. Mganga wa zahanati alitupa dawa za kutuliza, akatuonya tusizimeze kila siku kwa kuwa zaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Mzee mmoja alitushauri kulala juu ya mbao kwa mwezi mzima bila kuinuka. Ushauri huo una heshima kubwa kwetu, lakini umekwisha kupimwa. Huko Finland mwaka 1995 walitangaza habari za watumishi 186 wa mji wa Helsinki walioshikwa na maumivu mapya ya kiuno: wale walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona upesi kuliko wale walioamriwa kulala siku mbili. Ikiwa siku mbili za kitanda hazina faida, mwezi utaleta nini?

Katika miaka ile yote hapana daktari aliyetutajia kisu, na walifanya vema. Maumivu ya kiuno peke yake ni ya watu wengi mno. Kwa hesabu za mwaka 2020, watu milioni 619 duniani walikuwa nayo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno yaliyodumu, na ndani yake wanasifu mazoezi, mafundisho, na kumsaidia mgonjwa asitawaliwe na hofu. Nao hawaisifu mikanda ya kiuno, ile iuzwayo stendi ya basi kwa sauti kubwa. Sisi tulikuwa nao mmoja. Sasa twafungia mzigo wa vitabu.

Mambo yaligeuka mwezi wa pili mwaka uliopita. Tulikuwa tukiinua dawati pamoja na wanafunzi wawili, tukasikia kitu kama moto kikishuka kutoka tako la kushoto, kikapita nyuma ya paja, kikazunguka ubavu wa mguu, kikaishia katika kidole gumba cha mguu. Tangu siku ile kiuno kilikuwa jambo dogo. Tukikohoa, mguu uliwaka. Tukipiga chafya, tulishika ukuta. Darasani tulifundisha tumepiga goti moja juu ya kiti, na watoto wa darasa la tano walizoea hata wakaacha kucheka.

Daktari wa hospitali kubwa hakuanza na picha, bali alianza na mikono yake. Alitulaza chali, akauinua mguu ulionyooka polepole, nasi tukapiga ukelele kabla haujafika nusu ya kusimama. Alitutembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akatugusa kwa pamba huku na huku, akiuliza kama twasikia sawasawa. Ndipo akasema kwamba diski iliyo baina ya pingili ya nne na ya tano imetoka, na kwamba tungoje.

Twakiri kwamba neno hilo halikutupendeza. Tulikuwa tumesafiri saa tano kwa basi, nusu ya njia tumesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kubaya kuliko kusimama. Tukamwomba atupige picha kwa mashine kubwa iitwayo MRI, maana tuliamini kwamba mashine hiyo husema yote. Akacheka kwa upole, akatueleza jambo ambalo tangu hapo tumewaeleza watu wengi. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walitangaza habari za watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, waliopigwa picha za MRI. Zaidi ya nusu yao walikuwa na diski iliyovimba mahali pamoja au zaidi, nao walikuwa hawana habari. "Kwa hiyo, Mwalimu," akasema, "nikipiga picha nitaona kitu. Kwa mtu wa umri wako ni vigumu kukosa kitu. Swali si kama picha ina kasoro. Swali ni kama kasoro ile na maumivu yale yasema neno moja. Nitapiga picha siku tutakapofikiri kupasua, ili nijue mahali pa kupasua."

Sababu ya kungoja nayo aliieleza. Nyama ile ya diski iliyotoka haikai milele kama ilivyo; mara nyingi mwili wenyewe huila polepole, ikasinyaa, na mshipa ukapumua. Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walitangaza jaribio la wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa mguu sana kwa majuma sita hata kumi na mawili. Waliwagawa kwa kura: kundi moja wapasuliwe mapema, kundi jingine watunzwe bila kisu, na atakayeshindwa kuvumilia apasuliwe baadaye. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi, jambo ambalo si dogo kwa mtu asiyelala usiku. Lakini mwaka ulipokwisha makundi yote mawili yalikuwa sawa: katika kila watu mia, tisini na watano walisema wamepona. Na katika lile kundi la kungoja, sita katika kila kumi hawakupasuliwa kabisa mwaka ule. Huko Norway walikuwa wametangulia kuona jambo la namna hii mwaka 1983, katika wagonjwa 126 waliowafuata kwa miaka kumi: baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora, lakini kadiri miaka ilivyopita tofauti ilififia.

Twawaomba wasomaji walitafakari jambo hili, kwa maana ndilo lililotuongoza. Kwa ugonjwa wa namna yetu, kisu hakinunui sana kupona, hununua wakati. Kupona kwaweza kuja pasipo kisu, lakini kwaja kwa miguu yake mwenyewe, wala hakuna ajuaye kitafika mwezi gani. Basi atakayeamua lini apasuliwe hana budi kujua wakati wake una thamani gani, na ni kitu gani kinachopotea wakati anangoja. Hayo daktari hawezi kuyajua kwa kumgusa mtu kwa pamba.

Tukarudi nyumbani na dawa, na mazoezi ya kufanya sakafuni asubuhi na jioni, na agizo la kuwa na daftari. Kila siku tuliandika hatua tulizoweza kwenda kabla ya kulazimika kuketi. Kutoka mlangoni kwetu mpaka shuleni ni hatua mia sita na kidogo. Juma la kwanza tuliandika mia na themanini. Juma la nne, mia mbili na hamsini, tukashangilia. Juma la saba, mia mbili. Juma la tisa, mia mbili na sitini. Aliyezoea kusahihisha hesabu za watoto aliweza kuona kwamba hesabu hii haiendi popote. Lakini daktari alikuwa ametuonya juu ya jambo jingine kubwa kuliko maumivu, nalo ni nguvu. Maumivu yaweza kungoja, alisema, lakini mshipa unaopoteza nguvu usiachwe ungoje sana, kwa kuwa nguvu iliyopotea kwa muda mrefu pengine hairudi yote.

Katika juma la kumi na nne kandambili yetu ya kushoto ilianza kuvuka mguuni bila sisi kujua. Tulikuwa tukienda kisimani, na mtoto wetu mdogo akaja mbio nyuma yetu ameishika mkononi. Siku ya pili yakawa yale yale. Tukasimama ukutani, tukajaribu kutembea kwa visigino kama tulivyofundishwa: mguu wa kuume uliinuka, wa kushoto ulibaki chini.

Jioni ile tulikutana nyumbani. Mama yetu, ambaye amezika ndugu wawili waliofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, na kwa hiyo huihesabu hospitali kuwa mahali pa kufia, alisema, "Mwanangu, mimi sikukuzaa na mshono mgongoni." Kaka yetu mkubwa alikuwa wa upande wa pili kabisa: tupasuliwe kesho, yaishe, naye angetoa ndama wake. Walibishana hata chai ikapoa. Wako na majirani walioingia wakatuambia kwamba kukubali kisu ni kupungukiwa na imani. Tuliwakumbusha kwamba Luka alikuwa tabibu, nao wakanywa chai.

Mama wa watoto wetu alinyamaza mpaka wote walipokwisha kusema. Ndipo akauliza, "Mwalimu, mimi nataka hesabu mbili. Ukipasuliwa, ni miezi mingapi hutashika jembe? Na usipopasuliwa, ni miezi mingapi?"

Hesabu ya kwanza tulikuwa nayo, maana daktari aliitaja: majuma sita bila kubeba kitu kizito, na miezi mitatu hivi bila jembe. Ya pili hapana aliyekuwa nayo. Tangu mwezi wa pili mpaka wa sita yeye alikuwa amelima peke yake, tena akiwa na mtoto mgongoni, na hapana mtu aliyekuwa amemwuliza mgongo wake wa hali gani. Mama yetu alimtazama, kisha akasema, "Basi mwendeni kabla ya mvua za vuli."

Picha ya MRI ilipigwa, nayo na mguu vikasema neno moja. Daktari akatuketisha, akasema maneno ambayo twayakumbuka kama yalivyotamkwa: "Mwalimu, mguu wako naweza kuusaidia. Mgongo wako sikuahidi neno." Akayataja na mengine pasipo kuficha: kwamba kidonda chaweza kuingiwa na vijidudu, kwamba utando wa mishipa waweza kuchanika, kwamba katika watu mia waliopasuliwa hivi, watano hata kumi na watano diski huweza kutoka tena. Tukatia sahihi. Bima ya afya ililipa sehemu kubwa. Nauli, chakula na mtu wa kutuuguza vilitoka mfukoni, na ndama wa kaka yetu alisalimika.

Habari za siku yenyewe ni fupi, kwa kuwa tulilala. Tulivuta nusukaputi, tukahesabu mpaka nne. Tulipoamka, kitu cha kwanza tulichotafuta ni ule moto wa mguuni, na haukuwapo. Siku ya pili mwuguzi alitusimamisha. Kovu letu halizidi urefu wa kidole gumba. Nguvu ya mguu haikurudi siku ile kama ulivyoondoka moto. Ilirudi polepole kwa miezi, na mpaka leo kidole gumba cha kushoto ni mvivu kidogo kuliko mwenzake. Kandambili haivuki.

Hayo yote ni ya mtu aliyeweza kungoja. Yuko asiyepaswa kungoja hata siku mbili, nasi twaandika wazi juu ya jambo hili, na wasomaji watuwie radhi. Mama mmoja jirani yetu, mchukuzi wa kuni, alishikwa na maumivu ya kiuno yaliyoteremka miguu yote miwili. Siku ya pili aliona ganzi pale mahali mtu anapoketia; alisema ilikuwa kama kuketi juu ya nguo nyingi zilizokunjwa. Kisha mkojo ukakataa kutoka. Kwa kuona haya hakumwambia mtu ila dada yake, naye akamchemshia majani. Alifikishwa hospitali siku ya nne, akapasuliwa usiku ule ule. Leo anatembea, lakini mkojo hauji wenyewe. Hutumia mpira mara kadhaa kila siku, na huenda sokoni kwa hesabu ya saa. Ule mkia wa farasi tulioutaja ulikuwa umebanwa wote kwa pamoja. Madaktari husema apasuliwe mapema iwezekanavyo, nao hutaja saa 48 za kwanza kama muda wa kuokoa kinachoweza kuokolewa. Ganzi mahali pa kuketia, mkojo au choo kisichotii, miguu inayolegea kwa kasi: atakayeona mambo haya asingoje asubuhi, asingoje basi la bei rahisi, wala asione haya kumwambia mwanamume mwenye pikipiki.

Tena kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya diski kabisa. Kifua kikuu huingia katika mifupa ya mgongo, nacho huja na homa, jasho la usiku, na kukonda, na mwisho kibyongo. Percivall Pott wa Uingereza alikwisha kuandika habari za kibyongo hicho na kulegea kwa miguu mwaka 1779. Wengi wa wagonjwa hao hupona kwa dawa pasipo kisu, wakianza mapema. Kwa wanaume wazee saratani ya tezi dume, na kwa wanawake saratani ya matiti, huweza kufika mgongoni. Mtu wa namna hii akichuliwa mafuta mwaka mzima, huo ni mwaka uliopotea.

Sasa twamfikia mwalimu mwenzetu wa shule ya bondeni, ambaye kwa ajili yake hasa tumeishika kalamu. Ameumwa kiuno miaka minane. Mguu wake hauna neno. Hutembea kwa visigino na kwa vidole vizuri kuliko sisi. Daktari wetu alimpima, akakataa kumpasua, akamwandikia mazoezi. Alirudi na hasira, akisema kwamba sisi tulipendelewa. Kisha amesikia kwamba katika mji mkubwa yuko mtu atakayemwunganishia pingili kwa skrubu za chuma, naye ametaja bei. Mwenzetu amekwisha kupata mnunuzi wa shamba lake la kando ya kijito, shamba alilorithi kwa babaye.

Hatuwezi kusema kwamba skrubu hazina kazi. Mgongo uliovunjika, pingili iliyoteleza ikabana mishipa, mfupa ulioliwa na ugonjwa hata ukapinda: kwa hao chuma chaweza kuwa wokovu. Lakini kwa kiuno kiumacho tu, pasipo neno la mguu, hesabu ni nyingine. Mwaka 2005 madaktari wa Uingereza walitangaza habari za wagonjwa 349 wa namna ya mwenzetu huyu, waliogawanywa kwa kura, wengine waunganishwe pingili, wengine wapewe mazoezi mazito pamoja na mafundisho ya kuishi na maumivu kwa majuma matatu hivi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na baada ya miaka miwili tofauti baina yao ilikuwa ndogo tu. Kundi moja lilikuwa na hatari za kisu, na jingine halikuwa nazo. Tulimwonyesha hesabu hizi. Alizisoma mara mbili, maana ni mwalimu wa hesabu, akasema, "Lakini hao Waingereza walikuwa na mtu wa kuwafundisha mazoezi kila siku. Mimi nimepewa karatasi."

Neno lake ni la haki, nasi hatukuwa na la kumjibu. Karatasi si mwalimu. Hospitali ya wilaya ina mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo, naye huonana na watu wengi kwa siku. Tumefanya shauri naye kwamba kabla shamba halijauzwa, akae mjini kwa shemeji yake majuma matatu wakati wa likizo, aende kwa mtaalamu huyo kila siku atakapopokewa, na aandike daftari kama tulivyoandika sisi. Kisha, akitaka bado kwenda kwa mwenye skrubu, tutakwenda naye, tumwulize mbele yake: ni maumivu yapi aahidiyo kuyaondoa, ya mguu au ya kiuno, na katika watu kumi wa namna hii aliowaunganisha, ni wangapi walirudi shambani.

Amekubali kwenda majuma yale matatu, ila hakukubali kumwambia mnunuzi kwamba ameghairi. Mnunuzi amesema atangoja mpaka mwisho wa mwezi. Juma hili tulimwona mwenzetu katika shamba lile la kijito akipalilia, akisimama kila mwisho wa tuta kujinyosha, kisha akiinama tena.